Mnyama akiumia, nani kasimama karibu naye? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Natibu mifugo na wanyama wa nyumbani, na karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza moja kati ya haya, kuhusu maumivu ya mnyama na jinsi yanavyobadilika kutegemea nani yuko karibu naye. Nimeyakusanya hapa ili niache kujibu kitu kilekile mara kumi kwenye simu. Anza juu kama ndo kwanza unaanza, kama una haraka ruka hadi sehemu ya bandani na nyumbani.

## Mambo ya mwanzo

1. Mbuzi anachechemea siku nzima, daktari akifika anatembea kama hana kitu. Ananifanyia makusudi?

Hapana mkuu, na wala wewe sio muongo, usijali. Wewe kwake ni mtu wa nyumbani, mie ni mgeni nimekuja na buti na koti linalonuka dawa. Mnyama ambaye asili yake ni kuliwa na wengine hawezi kuonyesha udhaifu mbele ya asiyemjua, huko porini anayechechemea ndo anayechaguliwa. Sasa akishtuka mwili unamwaga adrenalini na ile morfini ya ndani (morfini ni dawa kali ya maumivu), endofini, kwahiyo sio maigizo kabisa, kwa dakika zile maumivu yenyewe yanapungua kweli.

Kuna siku niliitwa kuangalia mbuzi jike, nikaingia bandani akasimama miguu yote minne, anatafuna majani, anantazama tu. Nikamwambia kijana anayemchunga abaki naye amkune shingo kama kawaida yake, mie nikatoka nikaenda kuchungulia nyuma kwenye upenyo wa mbao. Dakika kumi hazijaisha mguu wa mbele kushoto ukaanza kunyanyuka, ncha ya kwato inagusa vumbi inatoka, inagusa inatoka, na sikio moja limelala. Mwiba wa mgunga, umezama katikati ya kwato, urefu wake kama nusu njiti ya kiberiti. Tangu siku hiyo mtu akinipigia namwambia kwanza mpige video na simu kabla sijafika, akiwa na wenzake, na wewe usisimame juu ya kichwa chake.

2. Kidonda si ni kilekile? Maumivu yanabadilikaje kwa sababu ya nani yupo?

Kidonda kinatuma taarifa tu, maumivu yenyewe yanapikwa kwenye ubongo. Na ubongo haupokei tu, una njia ya kutuma amri kushuka chini hadi uti wa mgongo, ifungulie taarifa ipite kwa wingi au ibane kama bomba. Anayeshika hilo bomba anaangalia mambo mengi, njaa, hofu, kitu kipya mbele yake, nani yuko jirani.

Mfano naoupenda ni wa kuku. Mike Gentle na wenzake kule Roslin, karibu na Edinburgh, miaka ya 1990 waliwachoma kuku sindano ya kitu kinacholeta jongo kwenye kifundo cha mguu, kuku akawa anasimama mguu mmoja, hataki kutembea. Wakimhamishia sehemu mpya, au akiwa na njaa akaletewa chakula, au akikaribia kutaga, kuchechemea kunapungua sana na wengine kunaisha kabisa. Kifundo ni kilekile kilichovimba, kilichobadilika ni akili iko wapi. Hapo hata mwenzake hajaingia bado, akiingia ndo mambo yanakuwa matamu.

## Panya wa Montreal na ndugu zao

3. Hii habari ya marafiki na maumivu ilianzia wapi?

Jaribio ambalo kila mtu analitaja ni la mwaka 2006, maabara ya Jeffrey Mogil, Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Canada. Walichukua panya wadogo, wakawachoma tumboni asidi dhaifu ya siki, ile inayofanya panya ajinyonge na kujinyoosha kama mtu mwenye mchango, wakawa wanahesabu anajinyonga mara ngapi. Panya akiwa peke yake anajinyonga kiasi fulani. Ukimweka na panya mwingine ambaye naye kachomwa, na wameishi keji moja wiki mbili tatu, wote wanajinyonga zaidi. Ukimweka na panya asiyemjua, ambaye naye kachomwa vilevile, hakuna nyongeza. Madume ndo kabisa, akimwona dume mgeni anaumwa yeye anapunguza.

Wakaenda mbele wakampa mmoja sindano kali na mwenzake nyepesi. Mwenye nyepesi akapanda, mwenye kali akashuka, wakasogeleana kama watu wawili wanaotembea pamoja lazima mmoja apunguze mwendo.

Na kitu kilichonishangaza mie zaidi ya vyote, panya aliyekuwa anamtazama mwenzake akijinyonga, wakamjaribu na joto kwenye unyayo, kitu tofauti kabisa na siki, akatoa mguu haraka kuliko kawaida. Kwahiyo sio kuigiza anachofanya jirani, mfumo mzima wa maumivu umepandishwa sauti.

4. Wanajuaje ni kuona na sio harufu au milio?

Waliwaziba hisi moja moja. Panya kiziwi bado anaambukizwa maumivu ya mwenzake, asiyenusa bado anaambukizwa, lakini ukiweka ukuta usiopitisha mwanga katikati yao kitu kinakufa hapohapo. Ukiweka ukuta wa kuona upande wa pili kinaendelea. Ila hiyo ni kwa jaribio lile, usiibebe kila mahali, swali la 8 utaona pua ndo imefanya kazi yote.

5. Kwanini wageni hawaambukizani? Panya nao wana ubaguzi?

Sio ubaguzi, ni stresi. Kukaa na usiyemjua kwenye chumba kidogo kunapandisha homoni za stresi, na stresi ikijaa hakuna nafasi ya kuhisi cha mwenzio. Maabara ileile mwaka 2015 waliwapa panya dawa inayozuia mwili kutengeneza homoni hizo, basi wageni wakaanza kuambukizana maumivu kama wamezaliwa pamoja. Halafu wakageuza, wakawatia stresi wanaofahamiana, uambukizo ukapotea.

Wakarudia kwa wanafunzi wa chuo. Unaingiza mkono kwenye maji ya barafu unasema yanauma kiasi gani, ukiwa peke yako, ukiwa na mgeni, au na rafiki yako ambaye naye mkono wake uko kwenye barafu. Na rafiki yanauma zaidi. Kisha wakachukua watu wasiojuana wakawachezesha dakika 15 gemu ya kupiga muziki pamoja, Rock Band, kisha barafu, wakawa wanaumia kama marafiki. Dakika 15 tu jamani, sisi tunahitaji harusi nzima na vikao vyake.

6. Ni kweli panya hawasikii maumivu mwanaume akiwepo?

Kichwa cha habari kilizidishwa ila msingi ni kweli. Mwaka 2014 haohao wa McGill walionyesha kwamba mtafiti mwanaume akikaa karibu, panya wanaonyesha maumivu kidogo kuliko akikaa mwanamke au kusipokuwa na mtu. Hata mtu asiwepo, fulana tu aliyolala nayo mwanaume inatosha, na harufu ya mbwa dume au paka dume ambao hawajahasiwa inafanya kitu hichohicho. Stresi yake walisema ni sawa na kumbana panya kwenye mrija robo saa. Inaisha akizoea.

Wafugaji hili mnalijua siku nyingi kwa jina lingine. Ng'ombe akikamuliwa na mgeni hashushi maziwa, si ndio? Adrenalini inazuia ile homoni ya kushusha maziwa isifanye kazi. Chuchu ni zilezile, kiwele kimejaa, lakini aliyekaa kwenye kigoda sio yule. Maumivu nayo yanashikwa na mkono wa namna hiyo.

## Anapozidisha na anapopunguza

7. Mara unasema mwenzake anaongeza maumivu, mara anapunguza. Tushike lipi?

Yote mawili, uliza kwanza huyo mwenzake ana hali gani. Akiwa naye anaumwa na wanafahamiana, yanapanda kwa wote, hilo nimeeleza swali la 3. Akiwa mzima na katulia, mara nyingi yanashuka. Mwaka 2010 maabara ileile ya McGill waliona panya jike anamsogelea jike mwenzake wa keji moja aliyebanwa na anaumwa, na jinsi walivyogusana mara nyingi ndivyo yule mgonjwa alivyojinyonga kidogo.

Halafu kuna kazi ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ya mwaka 2021, Monique Smith na Robert Malenka, hii nzuri sana. Panya wawili wote wana uvimbe wenye maumivu, mmoja kapigwa morfini mwingine hajapigwa. Wakakaa pamoja saa moja. Yule ambaye hajapewa kitu naye akapata nafuu, kama vile amelamba dawa ya mwenzie. Wakafuatilia hadi kwenye ubongo wakakuta njia ya mishipa kutoka sehemu ya mbele ya ubongo kwenda sehemu ya ndani inayohusika na raha na hamu, wakiizima hiyo, nafuu haihami na maumivu hayahami.

Watoto ni habari nyingine. Jaak Panksepp miaka ya 1970 aliona vifaranga na watoto wa mbwa wakitengwa na mama wanalia sana, na kiasi kidogo mno cha morfini, kisichowalaza, kinawanyamazisha. Yaani mwili unatumia dawa ileile kwa kidonda na kwa upweke, ndo maana ndama aliyetengwa na ana kidonda hali yake huwa mbaya maradufu.

Na kuna kupungua kubaya. Panya aliyepigwa na mbabe hadi akasalimu amri anakuwa mgumu kwa maumivu, Klaus Miczek na wenzake walilitoa hilo mwaka 1982, na ukimpa dawa inayozuia morfini ya ndani ule ugumu unaondoka. Kwahiyo ukiona kuku anayeonewa bandani kapigwa hadi damu na haonyeshi kitu, ujue hapo ni mnyonge aliyekata tamaa, usimsifie uvumilivu.

8. Mnyama anaweza kuumwa bila kuumizwa, kisa tu anaishi na mgonjwa?

Anaweza. Mwaka 2016 kule Oregon, Marekani, watafiti waliweka panya wazima chumba kimoja na panya wenye uvimbe, keji tofauti, hawagusani. Baada ya siku kadhaa wazima nao wakawa wepesi kushtuka wakiguswa unyayo. Wakachukua matandiko machafu ya wagonjwa wakawawekea panya walioko chumba kingine kabisa, ikatokea vilevile. Hapo ni harufu, sio macho.

Kwa wanaofanya utafiti hilo ni pigo, manake yule panya mzima ndo unayemlinganisha na mgonjwa, kumbe naye kashaharibika.

9. Basi wana huruma kama sisi?

Inategemea unaita nini huruma. Kuambukizwa hisia ni ngazi ya chini, kama mtoto mchanga kulia kisa mwingine kalia. Kufariji ni ngazi ya juu kidogo, na hiyo ipo. Panya wa nyasi wa Marekani wanaoishi dume na jike kama mume na mke, mwaka 2016 walionekana wanamlamba na kumchambua manyoya zaidi mwenza aliyetoka kupigwa shoti, mgeni hawamfanyii, na ukizuia oksitosini, ile homoni ya kushusha maziwa, kichwani mwao wanaacha.

Jaribio la nyani wa aina ya rhesus la 1964 mie silipendi ila lazima nilitaje. Nyani akivuta kamba apate chakula, mwenzake anapigwa shoti mbele yake. Wengi wakaacha ile kamba, mmoja alikaa siku 5 bila kuvuta na mwingine siku 12, njaa inamuua. Waliowahi kuishi na yule anayepigwa, na waliowahi kupigwa wenyewe, ndo walikataa zaidi. Iite jina unalotaka.

## Bandani na nyumbani

10. Nahasi mbuzi kumi. Niwafanyie mbele ya wenzao au mmoja mmoja pembeni?

Kwanza ganzi na dawa ya maumivu, hayo mengine ni baada ya hapo. Watu wanabishana pembeni au hadharani huku burdizo, ile koleo ya kuhasi, inabana mnyama mkavu bila ganzi, hapana.

Mie nafanya hivi. Nawatoa wawili wawili wanaolala pamoja, namfanyia mmoja huku mwenzie amesimama karibu kichwani anaonekana, nawapeleka sehemu nyingine wakapumzike, kisha wanaofuata. Sipendi kumi wote wamefungwa kamba mstari mmoja wanamtazama wa kwanza anapiga kelele, hapo wa kumi anafika kwangu mfumo wake umeshapandishwa hata sijamgusa. Na sipendi kumtenga mmoja akaachwa nyuma ya nyumba peke yake, kutengwa kwenyewe ni mateso kwa mnyama wa kundi. Beberu mbabe ndo aondoke, huyo akae mbali hadi wengine wapone.

Kama ni wanakondoo wanaokatwa mkia waache warudi kwa mama zao mapema. Kondoo jike anamjua mwanae anayeumwa na anamshughulikia zaidi, hilo limepimwa.

11. Mbwa wangu analia nikiwepo tu, nikitoka ananyamaza. Anadeka?

Soma tena swali la 1 kisha ligeuze. Kwako ana usalama, ndo anafungua. Pengine amejifunza pia kwamba akilia unakuja, sawa, lakini hata mtoto anajifunza hivyo na bado sikio linamuuma kweli. Ukiwa na wasiwasi acha simu inarekodi utoke, halafu angalia analala upande gani, anajilamba wapi, anaramba mdomo hovyo, anachukua muda gani kulala chini. Kelele ni kipimo kibovu kuliko vyote.

12. Paka kajificha uvunguni haji kula. Nimletee paka mwingine amchangamshe?

Hapana jamani. Paka mgeni ni stresi juu ya ugonjwa.

Mtazame usoni. Chuo Kikuu cha Montreal walitoa mwaka 2019 kipimo cha uso wa paka, vitu vitano: masikio, macho yamebanwa kiasi gani, mdomo na pua vimekazwa, sharubu, na kichwa kiko juu au chini ya mabega. Kila kimoja unampa 0, 1 au 2. Akifika 4 kati ya 10 anahitaji dawa ya maumivu. Mpime akiwa macho na katulia, sio anakula wala anajichambua, na mtu aliyemzoea ndo awepo chumbani. Na PANADOLI USIMPE, hata robo, panadoli inaua paka.

13. Punda akienda kutibiwa aende na mwenzie?

Ndio, na hili sina mjadala. Punda wana wenza, wawili wanaoshikana hadi wanakula mahali pamoja na kusimama ubavu kwa ubavu, ukimtenganisha mmoja anaweza kugoma kula. Punda akigoma kula mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu, ini linashindwa, na anakufa kwa hilo wakati wewe ulimpeleka kushonwa kidonda tu.

Watu wa Lamu, ambako barabara ni vichochoro na punda ndo gari, wana kliniki ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, tangu 1987 na matibabu ni bure, ukiwa huko mpeleke na mwenzie wamtazame wote. Na kumbuka punda ni bingwa wa kuficha, ukiona punda amelegea kidogo tu, kichwa chini, masikio pembeni, hiyo kwa farasi ingekuwa anagaragara. Asante ya punda ni mateke, haya, lakini anayeumwa sana hata hayo mateke hakupi.

14. Kwahiyo nikimweka na rafiki yake sihitaji kununua dawa?

Unahitaji. Rafiki anapunguza, hatibu. Na kama rafiki naye mgonjwa rudi swali la 7.

## Maswali ya pembeni

15. Kuna mnyama asiyejali maumivu kwa sababu ya maisha yake ya kundi?

Yupo na ni jirani yetu. Fuko asiye na manyoya, yule mwenye meno yametoka nje ya midomo, anaishi chini ya ardhi Kenya, Ethiopia na Somalia, kundi lina malkia mmoja na linaweza kuwa na wengi kama mia kadhaa. Sasa wote hao wanapumulia kwenye shimo moja, kaboni dayoksaidi inajaa, na hewa hiyo ikigusa macho na pua inageuka asidi. Sisi tungelia machozi humo. Fuko huyu asidi haimuumi, na dawa kali ya ndani ya pilipili nayo haimuumi, utafiti huo ulitolewa 2008. Ukimfinya au kumchoma na moto anasikia vizuri tu, kwahiyo sio ganzi mwili mzima.

16. Nimeona video ya sisimizi wanabeba majeruhi. Wanasikia maumivu ya mwenzao?

Hao ni wale weusi wakubwa wanaotembea mstari kuvamia mchwa, huku kwetu wengine wanawaita sungusungu. Erik Frank aliwachunguza hifadhi ya Comoé, Ivory Coast, akatangaza 2017 na 2018. Majeruhi anatoa harufu ya kuita msaada, anabebwa nyumbani, analambwa kidonda, na bila hiyo huduma wengi sana wanakufa siku hiyohiyo.

Ila kuokolewa sio ushahidi wa maumivu. Wanaitika harufu, na aliyekatwa miguu mitano hata haombi abebwe, anapigapiga na kujizungusha hadi wanamwacha. Mie hapo nasema ni hospitali bila machozi.

17. Punda mmoja amekufa, aliyebaki nimuondoe haraka asione?

Usimuondoe. Muache akae na mwili wa mwenzie, amnuse, amsukume na pua, hata apige kelele, mpaka mwenyewe aondoke. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Ukimzika yule haraka aliyebaki anazunguka anatafuta, anaita usiku, hali chakula, na kama alikuwa na kidonda chake mwenyewe ndo kinaanza kumsumbua upya. Siku zinazofuata mpime kwa chakula, ndoo ya pumba asubuhi imebaki kiasi gani, na ukikuta haijaguswa nipigie siku hiyohiyo usisubiri kesho.